Kuchagua Masomo, Kumkumbuka Jirani

Wapendwa vijana, miongoni mwenu wamo wanaosoma fizikia katika Chuo Kikuu cha Lubumbashi na kutamani kufika hadi udaktari, hapa nyumbani au ng'ambo. Kwa desturi tuliyoipokea kutoka Ubelgiji, udaktari ni tasnifu zaidi kuliko darasa. Marekani, mwanafunzi wa udaktari kwa kawaida hurudi darasani miaka ya kwanza, na baadhi ya masomo huyachagua mwenyewe. Popote aendako, swali litamkuta: asome nini zaidi ya yale ya lazima?

Wengi hushauri achague masomo yanayohusu tasnifu yake tu. Wana sababu: muda ni mfupi, fedha ni chache, na mwalimu anayemwongoza anangoja matokeo. Hata Injili ya Luka yatukumbusha mjenzi wa mnara, apaswaye kupima kwanza uwezo wake. Kurundika masomo bila kipimo si bidii.

Hata hivyo, twaona mambo mawili yasiachwe. Kwanza, misingi: mekanika ya kwanta, sumaku-umeme, fizikia ya takwimu. Mada ya tasnifu hupita, misingi hubaki. Pili, walau somo moja nje ya mipaka ya tasnifu. Padre Georges Lemaître alipata udaktari wa hisabati huko Louvain mwaka 1920, na angeweza kutosheka. Lakini baada ya kupadrishwa mwaka 1923 alikwenda Cambridge kujifunza elimu ya nyota, kisha Marekani. Mwaka 1927 alichapisha hoja yake kwamba ulimwengu unapanuka. Hisabati peke yake isingemfikisha huko.

Nasi somo hilo la nje tulichague tukimtazama jirani. Madini ya urani ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, yalichimbwa kwa mikono ya wazee wetu, yakapelekwa Marekani, yakatumika katika mabomu ya mwaka 1945. Jasho lilikuwa letu. Elimu yake walikuwa nayo wengine. Hata leo nchi yetu ya migodi inahitaji watu wanaojua kupima mionzi katika maji, udongo na vumbi. Basi kijana wa Katanga anayeandika tasnifu juu ya nyota, akiongeza somo la upimaji wa mionzi au la jiofizikia, hajapoteza muda wake. Amejiandaa kwa siku ile mama wa Likasi atakapomwuliza kama maji ya kisima chake ni salama.

Talanta hatukupewa tuifukie, wala tuitumie kwa faida yetu peke yetu. Kabla ya kutia sahihi kwenye orodha ya masomo, ombeni shauri kwa walimu wenu, salini, kisha jiulizeni ni nani atakayenufaika na elimu hiyo. Mtakatifu Alberto Mkuu, mlinzi wa wanasayansi, atuombee.