Unyumba Baada ya Dawa

Twaulizwa na wake, tena kwa sauti ndogo: mtu akiisha kutibiwa fangasi za ukeni, arejee lini kitandani kwa mumewe?

Fikirini nyumba moja ya Mbinga. Mke yu mlimani kwenye kahawa. Mume yu Mbamba Bay, avua dagaa kwa taa. Mbalamwezi ikitanda uvuvi husimama, naye hupanda nyumbani. Amkuta mke yu katikati ya dawa. Mke aona haya kusema, mume adhani amekataliwa. Hapo shetani amepata mlango.

Jawabu letu ni hili. Kwanza dawa iishe. Vidonge vya klotrimazoli huwekwa ukeni wakati wa kulala, siku 3 au 6, au kimoja chenye nguvu mara 1 tu, kama alivyoagiza mganga. Pili, mwasho na maumivu viondoke kabisa, kwani ngozi iliyochubuka huumia upya. Sheria yetu imekataza madhara, basi mume asidai haki yake katika siku hizo.

Mume naye na ajue kuwa fangasi si ushahidi wa zina. Kuvu hiyo hukaa katika miili ya wanawake wengi bila kuwadhuru, ikazidi kwa mimba, kwa kisukari, au baada ya dawa za antibiotiki. Mume asiye na dalili kwa kawaida hahitaji dawa. Lakini si kila utoko ni fangasi. Trikomona huambukizwa kwa kuingiliana. Hapo hutibiwa wote wawili, wakajizuia mpaka wamalize dawa na dalili ziondoke. Nayo yaweza kukaa miezi mingi bila kujulikana, basi msiharakie kutuhumiana. Yafaa kupimwa kwanza, kabla ya kununua dawa dukani. Na maradhi yakirudi mara kwa mara, sukari nayo ipimwe.

Utoko wa maradhi si hedhi. Sala haiachwi: mke hujisafisha na kutawadha. Katika Ramadhani, kwa madhehebu ya Imamu Shafii, kidonge kiwekwe usiku, kisivunje saumu.

Bi Aisha, Mungu amwie radhi, aliwasifu wanawake wa Answari kwa kuwa haya haikuwazuia kujifunza dini yao. Basi mke na amwambie mumewe mapema, kabla hajavua viatu, naye amsikilize kwa upole. Siku hizo chache zitapita, na nyumba itabaki na amani yake.

Wallahu aalam.