Njia Ina Haki Yake: Funzo la Baiskeli Kutoka Mallorca

Kila mwaka baridi ya Ulaya inapoanza kulegea, baina ya mwezi wa Februari na Mei, watu wengi hufunga safari wakaenda katika kisiwa cha Mallorca, kilichoko Bahari ya Mediterania chini ya utawala wa Hispania, na haja yao ni moja tu: kupanda baiskeli. Hawaendi kuota jua wala kulala mchangani. Alfajiri utawaona wamekwisha jaza maji chupa zao, wamejaza upepo magurudumu, na wanaelekea milimani kundi kwa kundi. Wengine ni mabingwa wanaojiandaa kwa mashindano makubwa. Wengi ni makarani, walimu, wauguzi na wazee waliokwisha staafu.

Najua msomaji wangu ataniuliza: ukurasa huu ni wa utamaduni, sasa baiskeli za Wazungu zina nini na sisi watu wa Pwani? Suali hilo ni la haki, nami nitalijibu. Zina jambo kubwa nasi, na tena jambo lenyewe lahusu uhai wa watu wetu.

Kwanza tuitazame njia yenyewe. Upande wa kaskazini-magharibi wa kisiwa hicho pana safu ya milima iitwayo Serra de Tramuntana, ambayo kilele chake kikubwa, Puig Major, chapita mita 1,400. Barabara moja yaandama milima hiyo kutoka Andratx hadi Pollença, mwendo wa zaidi ya kilomita 100, mara iko juu ya majabali huku bahari ikionekana chini, mara yazama katika mabonde ya michungwa na mizeituni. Katika barabara hiyo hutoka tawi literemkalo hadi ufuoni mahali paitwapo Sa Calobra. Tawi hilo lilijengwa mwaka 1932 kwa mchoro wa mhandisi Antonio Parietti. Kutoka kilele chake, karibu mita 682 juu ya bahari, kwa kiasi cha kilomita kumi lajipinda na kujipindua, kona kali 26, wala hamna hata shimo moja lililotobolewa mlimani. Pana mahali njia huzunguka ikapita chini ya nafsi yake, mfano wa tai inayofungwa shingoni. Mawe yalichimbwa na kuchukuliwa kwa mikono ya watu. Na ajabu yake ni kwamba njia hiyo haiendi popote pengine. Ukifika baharini, huna budi urudi ulikotoka, na kila ulichoteremka kwa raha utakipanda kwa jasho.

Nimeiona njia hiyo kwa macho yangu. Nilikaa juu ya ukuta wa mawe nikawatazama wapandaji wakija mmoja mmoja, kimya kabisa, husikii ila mnyororo na pumzi. Lakini lililonikalia moyoni zaidi lilikuwa ni yale majina.

Kwani hebu yasikilize. Mji wa Alcúdia ni al-kudya, yaani kilima. Algaida ni al-ghayda, kichaka. Kasri ya Almudaina katika mji mkuu wa Palma ni al-mudayna, mji mdogo. Na Palma yenyewe ilikuwa ikiitwa Madina Mayurqa. Vijiji vingi vyaanza kwa Bini: Biniaraix, Binissalem, Biniali. Hao ni Bani Fulani, wana wa Fulani, kama vile sisi tusemavyo kwa koo zetu. Banyalbufar, kijiji kilichoning'inia juu ya bahari, husemwa kuwa jina lake lina maana ya jengo la kando ya bahari. Na Mhispania akisema aceituna, mtu wa Lamu asikia zeituni. Akisema azúcar, asikia sukari. Akisema limón, asikia limau. Tumechota kisima kimoja, sisi kwa ndoo yetu nao kwa yao.

Waislamu waliingia Mallorca mwaka 902, wakakaa hadi siku ya mwisho ya mwaka 1229, ambapo mji wa Madina Mayurqa ulitekwa na Jaume, mfalme wa Aragon. Wengi waliuawa, wengine wakafanywa watumwa, wengine wakakimbia kuvuka bahari. Lakini mifereji waliyoipitisha mlimani, na mabirika yao ya kuwekea maji, na mashamba yaliyokatwa ngazi kwa ngazi, yalibaki. Waliokuja baada yao hawakuyavunja, bali waliyaendeleza kwa kuta za mawe yaliyopangwa bila ya saruji, hata mwaka 2011 UNESCO ikaitia safu hiyo ya milima katika urithi wa ulimwengu kwa sababu ya kazi hiyo ya mikono ya vizazi viwili vya dini mbili. Mpanda baiskeli atwetaye leo kando ya ngazi zile za mizeituni, ajue asijue, apita katika shamba la mtu aliyekuwa akisali sala tano.

Katika kisiwa hicho hicho, karne ya 11, alizaliwa mwanachuoni ambaye jina lake halina budi kuwa linajulikana kwa waliokaa darsani: al-Humaydi, mwanafunzi wa Ibn Hazm. Alisafiri mashariki, akafa Baghdad mwaka 1095. Kazi yake iliyomtangaza ni kuzikusanya pamoja Sahihi mbili, ya Bukhari na ya Muslim. Na ndani ya Sahihi zote mbili imo ile hadithi ambayo sote tulifundishwa chuoni tungali wadogo, kwamba Mtume wetu (S.A.W.) aliwakataza masahaba kuketi njiani, na walipodai kuwa hawana budi, aliwaamuru basi waipe njia haki yake. Walipouliza haki hiyo ni ipi, akawatajia, na miongoni mwake ni kuzuia udhia na kurudisha salamu. Mwana wa Mallorca ndiye aliyetuhifadhia maneno hayo pamoja na mengine katika kitabu kimoja. Je, njia za kwao leo zapewa haki yake?

Nasema, kwa kiasi kikubwa, ndiyo. Sheria ya Hispania yamlazimisha dereva anayempita mpanda baiskeli aache nafasi isiyopungua mita moja na nusu. Tangu mwaka 2022, mahali penye safu zaidi ya moja kwa upande ule, hana ruhusa kubana ndani ya safu ile ile. Lazima ahamie ya pili. Wapandaji wanaruhusiwa kwenda wawili wawili sambamba. Na kundi likifika njia panda, wa mwanzo akiisha kuingia, kundi zima lahesabiwa kama chombo kimoja, wala gari haliruhusiwi kulikata katikati. Niliona basi kubwa la abiria likitambaa nyuma ya mzee mmoja kwa kona tatu nzima, bila ya honi, mpaka njia iliponyooka. Abiria hawakupiga kelele. Dereva alipopita aliinua mkono, na mzee akainua wake. Nikasema moyoni: hii ni salamu, na kuirudisha ni katika haki ya njia.

Sisemi kwamba kule ni peponi. Wenyeji wa kisiwa wana malalamiko mazito juu ya wageni wanaozidi kila mwaka, wakapandisha kodi za nyumba hata kijana wa pale akakosa pa kuishi. Mwaka 2024 maelfu waliandamana katika mji wa Palma kwa sababu hiyo. Njia ya kwenda mnara wa taa wa Formentor ilisongwa na magari hata ikabidi, tangu mwaka 2018, magari ya watu binafsi yazuiwe saa za mchana wakati wa kiangazi, wageni wakapanda basi. Wako madereva wanaonung'unika wakikuta baiskeli zimejaa njia nzima, na wako wapandaji wasio na adabu. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini wageni wakizidi mwenyeji huugua. Na juu ya zile nguo zao za kubana mwili, msomaji wangu, hilo tuwaachie wenyewe. Mtu aweza kupanda baiskeli na kanzu yake kaipandisha, kama walivyofanya babu zetu.

Sasa turudi nyumbani, kwani ndiko nilikokusudia.

Pwani yetu haina haja ya kufundishwa baiskeli. Mchuuzi wa samaki atokaye Takaungu na kikapu chake nyuma, muuza mikate anayepiga kengele vichochoroni kabla ya jua kuchomoza, kijana abebaye madafu mengi mpaka huoni gurudumu, mwanafunzi anayempakia mdogo wake kwenda chuoni: hao wote ni wapanda baiskeli, na hupanda kwa riziki, si kwa starehe. Hata katika mashindano hatuko nyuma. Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017, alizaliwa Nairobi, akafunzwa mbio hizo katika vilima vya Kikuyu na David Kinjah, Mkenya, na kwanza alishindana kwa bendera ya Kenya kabla ya kuhamia ya Uingereza.

Lakini mtazame mchuuzi wetu yuko wapi katika barabara ya Mombasa kwenda Malindi. Yuko pembeni kabisa, pale ambapo lami imemegeka na kuacha ukingo mkali kama wembe. Matatu inamjia nyuma na honi, lori linamjia mbele, na honi zote mbili zina maana moja: toka. Akitoka aanguka mchangani na samaki wake. Asipotoka, Mungu ndiye ajuaye. Na akigongwa, husemwa kwamba alikuwa njiani, kana kwamba kuwa njiani ni kosa lake. Ni maiti wangapi tumewasalia waliotoka alfajiri kutafuta riziki ya halali kwa miguu au kwa baiskeli? Kila mtaa una wake.

Watu husema sisi ni maskini, hatuwezi kuwa na njia kama za Ulaya. Hoja hiyo siikubali. Barabara zinajengwa kila siku, na fedha zake ni nyingi. Kuongeza ukanda wa mita moja na nusu kando ya lami wakati barabara ingali ikijengwa ni gharama ndogo kuliko kuja kuubandika baadaye, na ni ndogo zaidi kuliko hospitali, eda na mayatima. Na dereva kupunguza mwendo hakuna gharama hata senti moja. Parietti hakuwa na mitambo ya leo. Alikuwa na mawe, watu, na nia ya kuifuata milima ilivyo.

Kwa hiyo nasema mambo matatu. Wenye kupanga barabara, wa serikali kuu na wa kaunti, wasitie saini mchoro wowote wa Pwani usio na nafasi ya mtu wa miguu na wa baiskeli. Madereva wetu, ambao wengi ni ndugu na wana wetu, wajue kwamba honi si fimbo. Na makhatibu wetu, ambao hutukumbusha udhu na saumu, watukumbushe pia juu ya mimbari kwamba kuondoa udhia njiani ni tawi la imani. Na udhia si mwiba na jiwe peke yake, hata mwendo wa kasi ni udhia.

Njia haina mwenyewe, ni ya kila mwenye mwendo,
Mwenye gari atambuwe, mwenzake yu papo kando,
Dhaifu asionewe, kwa mbio na kwa vishindo,
Imani si maneno tu, huonekana kwa tendo.

Wazee wa Mayurqa waliondoka, wakaacha mifereji, majina na kitabu. Wageni wa dini nyingine leo wanaishika sehemu ya adabu iliyomo katika kitabu hicho, pengine bila ya kujua kimeandikwa nini. Sisi tunajua kimeandikwa nini, na ndiyo sababu hatuna udhuru.