Mti wa Noeli Hautafutwi kwa Shoka

Wakristo wenzangu wa Kolwezi, nina neno nanyi, na wengine hawatalipenda. Mwezi wa Desemba huonekana vijana wakitoka porini na miti michanga mabegani. Wanasema ni miti ya Noeli. Mti unasimamishwa ndani ya nyumba, unafungwa karatasi za rangi; kabla ya sikukuu ya Mamajusi umekwisha kunyauka, nao unatupwa nyuma ya choo.

Nani aliwaambia kwamba Mtoto Yesu anautaka? Desturi hii ilizaliwa katika nchi za Wajerumani. Huko Desemba ni baridi na theluji; miti mingi imekwisha kupukutisha majani, ni msonobari na jamaa zake tu wanaobaki kijani. Basi watu wa huko wakauingiza nyumbani uwe alama ya uzima usiokufa. Kwao ni alama njema, wala siidharau. Tangu 1982 hata uwanja wa Mtakatifu Petro, Roma, hupambwa kwa mti. Lakini kwetu Desemba ni wakati wa mvua! Pori lote ni kijani. Kumkatia Bwana mti wa kijani wakati huo ni kama kumpelekea mvuvi ndoo ya maji. Kama tunatafuta alama, tuitazame miombo mwezi wa Septemba: nchi imekauka, moto umepita, mvua bado, nayo inachipua majani mekundu. Hiyo ndiyo Adventi yetu, ingawa haikungoja kalenda.

Mtanijibu: «Mti mmoja ni nini? Wachoma makala wanamaliza pori, na migodi ya shaba na kobalti inakula vilima.» Ni kweli. Kobalti ilipoonekana Kasulo mwaka 2014, watu walichimba hata nyumbani mwao. Makala nayo ni jambo zito, silifumbii macho. Lakini makala yanapika bukari, mtoto anashiba. Mti wako unapika nini? Tena tutawezaje kuwadai wenye migodi waiheshimu ardhi, hali shoka letu lina utomvu kwa ajili ya pambo la siku 10?

Wajanja zaidi husema kisiki kitachipuka tena. Naam, huchipuka, kama moto wa kiangazi hauli machipukizi. Lakini nimeona wamekata hata msuku! Mti huo hukawia miaka 10 na zaidi kabla ya kuzaa, na masuku yake watoto huyala majira hayohayo.

Mtakatifu Fransisko, alipotengeneza pango la Noeli huko Greccio mwaka 1223, alitaka majani makavu, ng'ombe na punda, hakuagiza shoka. Wekeni pango chini ya mwembe wa uani: una mizizi, una kivuli, na mwezi huo una matunda. Anayetaka mti ndani, na aoteshe mche katika kopo kuukuu, auingize nyumbani tarehe 24, na baada ya Mamajusi aupande nje, mvua ingali inanyesha.