Namba ya Kuuzia

Msemo wa "rahisi ni ghali" umetuharibu. Mtu mwenye kipato kidogo akifunga muziki kwenye gari lake, sabufa ikaungua wiki ya pili, tunamcheka. Si alitaka cha bei ya chini? Hatuulizi kwenye boksi paliandikwa nini.

Mimi nasoma shahada ya uzamili ya takwimu. Ukiandika namba bila kusema imepimwaje, msimamizi anakurudishia kazi. Kariakoo namba kama hiyo huchapishwa kwa rangi ya dhahabu, nasi tunailipia.

Nilikwenda huko na kaka yangu kutafuta amplifaya ya sabufa aliyokuwa nayo tayari. Sabufa ilijieleza vizuri: wati 300 za mfululizo, yaani zile zinazoandikwa RMS, na omu 4. Tukaletewa amplifaya ya bei ambayo hata mwanafunzi angeimudu. Kwenye boksi: wati 3000. Nikaigeuza. Ubavuni ilikuwa na fyuzi moja ya ampia 30.

Hesabu yake haihitaji shahada. Injini ikiwaka, umeme wa gari huwa kama volti 14. Zidisha kwa ampia 30, unapata wati 420. Hizo ndizo amplifaya inazoweza kuvuta kwa mfululizo bila kuihatarisha fyuzi yake. Tena haitoi zote inazovuta. Amplifaya ya daraja D hupoteza kama moja ya tano kwa joto. Ya daraja AB inaweza kupoteza karibu nusu. Zinabaki wati 330 hivi, au 200 na kitu. Hizo 3000 zimetoka wapi?

Nilimwuliza muuzaji. Wala hakukasirika.

"Hiyo ni namba ya kuuzia, dada. Kila mtu anajua."

Jibu hilo ndilo ninalolipinga. Kama kila mtu angejua, nani angehangaika kuichapisha? Namba ya uongo ina faida pale tu penye mtu anayeiamini. Fundi anajua. Muuzaji anajua. Asiyejua ni dereva wa bajaji aliyedunduliza miezi kadhaa ili abiria wake wasikie besi, na yeye ndiye anayelipa.

Tena halipi mara moja. Akiamini ana wati 3000, atanunua sabufa kubwa ya kulingana nazo. Muziki ukitoka mnyonge, atazungusha geini mpaka mwisho. Geini si kitufe cha sauti. Kazi yake ni kuilinganisha amplifaya na nguvu ya mawimbi yanayotoka redioni. Ikizidishwa, vilele vya mawimbi hukatwa, sauti inakwaruza, na koili ya sabufa inaweza kupata joto kuliko inavyostahimili. Akiirudisha kwa fundi, ataambiwa kwamba rahisi ni ghali.

Kuna na mwingine anayeumia: mtengenezaji anayeandika wati 300 na kuzitoa kweli. Kwenye rafu moja na 3000, bidhaa yake inaonekana mtoto. Soko la namna hii linamwadhibu mkweli.

Najua kuna watakaosema haya ni makelele ya vijana, nchi ina mambo makubwa zaidi. Marekani hawakuona hivyo. Mwaka 1974 Tume ya Biashara ya huko iliweka kanuni ya namna ya kutangaza nguvu za amplifaya za nyumbani, kwa sababu wanunuzi walikuwa wakipotoshwa. Za magari hazikuguswa. Mwaka 2003 wenye viwanda wakajiwekea kiwango cha hiari, CEA-2006: pima kwa volti 14.4 na omu 4, upotovu wa sauti usizidi asilimia 1. Mwaka huohuo wa 2003, Tanzania ilitunga Sheria ya Ushindani, inayokataza kumpotosha mnunuzi katika biashara. Sijaona mahali inaposema isipokuwa kwenye besi. Tume ya Ushindani ipo, na maboksi yapo wazi kwenye rafu.

Wakati tukiisubiri, rahisi inaweza kuwa rahisi kweli. Tafuta wati za mfululizo za amplifaya, kwa omu zilezile za sabufa yako. Ukiwa na sabufa mbili za omu 4 zilizounganishwa sambamba, amplifaya itaziona kama omu 2; hakikisha inaziweza. Kisha soma fyuzi, maana fyuzi haina sababu ya kujisifu. Wala usione haya kununua ndogo. Kutoka wati 300 hadi 600 unaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaitambua bila kushangaa.

Halafu uliza kwa sauti, mbele ya wateja wengine: wati ngapi za mfululizo, kwa omu ngapi? Ukijibiwa kwamba kila mtu anajua, irudishe mezani na useme wewe hujui. Huenda aliyesimama nyuma yako, mwenye hela mkononi, alikuwa hajui pia.