Mwalimu anajua ya nyumbani kwenu

Mwezi huu nataka ucheke kidogo, halafu ujiangalie.

Shoga yangu mmoja anafundisha darasa la kwanza hapa Dar. Tangu mtaala ulipobadilishwa 2015, kazi yake kubwa ni KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Mwenyewe anadai kuna K ya nne, kusimuliwa, maana watoto wale hawana siri!

Kuna aliyeulizwa daftari la hesabu liko wapi. Akajibu bila wasiwasi, "Nitaleta mwisho wa mwezi, mwalimu." Eti ndivyo mama anavyomwambia mwenye duka.

Siku nyingine walikuwa wanajifunza kutoa. "Mna maembe matano, baba akila mawili, yanabaki mangapi?" Kijana mmoja akanyoosha kidole: "Matano! Baba siku hizi hali nyumbani, amemnunia mama."

Shoga yangu akacheka mpaka machozi. Lakini wakati wa mapumziko yule mtoto hakutoka kucheza. Akamsogelea taratibu, akauliza, "Mwalimu, kununa kunaisha lini?"

Jibu hakuwa nalo. Na mimi niliyekuwa nasimuliwa nikanyamaza, maana kwangu ilikuwa siku ya tatu hatusemeshani, na binti yetu yuko chekechea. Jioni ile nikatenga chakula, nikamwita baba yake mezani. Nilianza mimi, japo kosa lilikuwa lake, jamani!

Je, wako anasimulia nini darasani? Tukutane mwezi ujao.