Lori la Kijiji na Kufuli ya Difu



Mwezi huu tunajibu barua ya kikundi cha wakulima wa viazi wa nyanda za juu. Wanasema hivi:

"Sisi tuna lori moja la tani saba. Wakati wa mvua linakwama mlimani. Mwezi wa Machi lilikwama siku mbili. Viazi vililoa, na vingi vikaoza. Dereva anataka tununue kufuli ya difu. Mtunza hazina anakataa. Anasema fedha hiyo ni ya mbolea. Fundi mmoja naye anasema atachomelea difu kwa bei ndogo. Tumebishana mikutano miwili. Tufanye nini?"

Ndugu wakulima, swali lenu ni zuri. Tulijibu polepole.

DIFU NI NINI?

Tazameni chini ya lori, upande wa nyuma. Katikati ya ekseli kuna tumbo la chuma. Ndani yake mna gia. Hiyo ndiyo difu.

Kazi yake ni hii. Simameni watu wawili, mshikane mikono, kisha mgeuke pamoja kama mlango. Aliye ndani atapiga hatua mbili tu. Aliye nje atapiga hatua nyingi. Magurudumu ya lori ni hivyo hivyo. Kwenye kona, gurudumu la nje huenda safari ndefu kuliko la ndani. Difu huyaruhusu yazunguke kwa mwendo tofauti.

Lakini difu ina udhaifu. Hugawa nguvu sawasawa kwa pande mbili. Gurudumu likiwa kwenye utelezi, nguvu kidogo inatosha kulizungusha. Basi na lenzake lililo mahali pakavu hupata kidogo hicho hicho. Hakitoshi kusukuma lori. Moja linazunguka bure, jingine limetulia. Dereva akikanyaga mafuta zaidi, anachimba shimo tu.

Kufuli ya difu huondoa udhaifu huo. Hufunga pande mbili zizunguke pamoja kama chuma kimoja. Gurudumu lililoshika ardhi hupata nguvu ya kutosha, na lori hutoka. Madereva wengi huiita difu loki.

KUNA AINA GANI?

1. Kufuli ya dereva. Dereva mwenyewe huifunga na kuifungua kwa swichi. Katika malori yenye breki za upepo, upepo huo huo huweza kuisukuma. Ikiwa wazi, difu hufanya kazi kama kawaida.

2. Kufuli inayojifunga yenyewe. Haina swichi. Hufunga lori linapovuta, na kuachia kwenye kona. Ina nguvu, lakini hula matairi. Mahali penye utelezi inaweza kuutupa mkia wa lori pembeni.

3. Difu yenye sahani za klachi. Hii haifungi kabisa. Hupunguza tu kuzunguka bure. Gurudumu moja likining'inia hewani, msaada wake ni mdogo. Sahani zake huisha, na huenda ikahitaji oili ya aina yake.

4. Difu ya kuchomelea. Hapa fundi huunganisha gia za ndani kwa moto. Pande mbili hufungwa daima, kwenye tope na kwenye lami. Matairi huisha upesi. Hafu shafti huweza kukatika. Na kwenye kona lori hutaka kwenda moja kwa moja. Njia zenu zina kona na mabonde. Juu ya magunia huketi watu. Ndugu zetu, msikubali jambo hili. Bei yake ndogo leo inaweza kulipwa kwa roho za watu kesho.

Kwa lori linalopita topeni asubuhi na kwenye lami mchana, chagueni aina ya kwanza.

LAKINI MSINUNUE KWANZA

Mtunza hazina wenu naye ana neno la kusikilizwa. Kufuli haiondoi kila mkwamo. Kwa hiyo fanyeni uchunguzi.

Lori likikwama, utingo ashuke atazame magurudumu ya nyuma. Je, upande mmoja tu unazunguka? Au pande zote mbili? Aandike kwenye daftari kila mara. Aandike na mahali.

Kama mara nyingi ni upande mmoja, kufuli itawasaidia. Kama ni pande zote mbili, kufuli haitawatoa. Hapo dawa ni minyororo ya matairi, matairi yenye meno mazuri, na mzigo usiozidi. Kama ni mahali pale pale kila mara, dawa ni jembe. Chimbeni mitaro maji yatoke barabarani. Tieni changarawe.

MKIAMUA KUNUNUA

Kwanza, tazameni kama lori lenu tayari linayo. Malori mengine hutoka kiwandani na kufuli, na mwenye lori hajui. Tafuteni swichi yenye picha ya ekseli na alama ya X. Huenda tatizo ni mpira wa upepo uliopasuka tu.

Pili, andikeni aina ya lori na namba ya ekseli. Fundi ahesabu meno ya hafu shafti na kupima unene wake. Kufuli isiyolingana na ekseli haiingii.

Tatu, hafu shafti ziwe nzima. Kufuli ikifungwa, upande mmoja huweza kubeba nguvu yote. Shafti iliyochoka itakatika.

Nne, matairi ya nyuma yawe ya kipimo kimoja.

Tano, tafuteni fundi anayejua kupima nafasi kati ya krauni na pinioni. Zikikaa vibaya, meno yatavunjika, na hasara itakuwa kubwa kuliko viazi.

JINSI YA KUITUMIA

Dereva afunge kufuli kabla ya kuingia topeni, lori likiwa limesimama. Asifunge kamwe gurudumu likiwa linazunguka. Aende polepole, na anyooshe usukani. Akifika mahali pakavu, afungue mara moja. Taa ya kufuli ikibaki inawaka, asonge mbele na nyuma kidogo mpaka izime. Asiende barabarani taa ikiwaka.

Ndugu wakulima, dereva ana haki, na mtunza hazina ana haki. Daftari la utingo litawapatanisha. Fundi wa kuchomelea, mwambieni asante, aende zake.

MASWALI YA KUJADILI

1. Kwa nini gurudumu moja huzunguka bure na jingine husimama?
2. Kwa nini difu ya kuchomelea ni hatari kwenye kona?
3. Barabara ya kijiji chenu ina mahali pangapi pa kukwama? Ni pangapi panaweza kutengenezwa kwa jembe?