Usiinyime figo maji kwa kuogopa kutengua udhu



Siku moja alinijia mzee mmoja, mtu wa safu ya kwanza msikitini. Mkojo unamchoma, na rangi yake imekuwa kama chai ya mkandaa. Nikamuuliza anakunywa maji kiasi gani. Akacheka. "Mwanangu, nikinywa maji udhu haukai. Mimi natawadha Alasiri, naufikisha udhu wangu mpaka Isha."

Alilisema hilo kwa fahari, na si yeye tu. Akina mama nao hujinyima maji, hasa wakienda kwenye maulidi au darsa ambako choo ni cha taabu. Madrasa tulifundishwa vizuri kujitwaharisha na mkojo, Allah awalipe walimu wetu. Lakini mkojo wenyewe unatoka wapi? Hapo wengi hatukufika.

Figo ni mbili, kila moja ukubwa wa ngumi, ziko mgongoni usawa wa mbavu za chini. Ndani ya kila moja mna vichujio vipatavyo milioni moja. Kila kichujio ni fundo la vimishipa vyembamba vya damu lililokaa ndani ya kikombe kidogo chenye mrija. Damu huingia kwa shinikizo, na shinikizo hilo husukuma maji, chumvi, sukari na taka iitwayo yurea vipenye kuingia kikombeni. Chembe za damu na protini ni kubwa, hubaki. Kwa siku moja maji yanayochujwa hivyo hufikia kama lita 180, na wewe damu yako yote ni kama lita 5 tu!

Mbona basi hatukojoi lita 180? Ni kazi ya ile mirija. Hurudisha kwenye damu sukari, chumvi nyingi, na karibu maji yote. Kinachobaki, lita 1 au 2, pamoja na taka, ndicho mkojo unaoteremka kwenye kibofu. Subhanallah.

Ukijinyima maji, ubongo hutoa homoni inayoiamuru mirija irudishe maji zaidi. Mkojo huwa kidogo na mzito. Chumvi zikikolea sana huganda zikawa mawe. Na vijidudu ambavyo vingesombwa na mkojo hupata nafasi ya kuzaliana. Wanawake huathirika zaidi kwa kuwa njia yao ya mkojo ni fupi.

Linaloniudhi zaidi ni dawa za maumivu. Mtu ana kiu tangu asubuhi, goti linamuuma, anakwenda dukani kununua diklofenaki au ibuprofeni bila kuulizwa lolote. Mwili ukipungukiwa maji, figo hutegemea kemikali maalumu kuutanua mshipa unaoingiza damu kwenye kichujio. Dawa hizo huizuia kemikali hiyo. Shinikizo ndani ya kichujio hushuka, na figo inaweza kusimama kazi. Kwa mzee, au mwenye kisukari au presha, hatari ni kubwa zaidi. Uliza kwanza.

Na dini haikututaka tujitese hivyo. Kutengukwa na udhu si dhambi. Katika Sahihi Muslim imo hadithi ya Bibi Aisha (RA) ambamo Mtume (SAW) amekataza kuswali huku mtu amebanwa na haja. Naye alikuwa akitawadha kwa mudi moja, kiasi kisichofika lita. Udhu mpya ni rahisi hivyo! Kunywa maji mchana. Ukiwa umefunga, yagawe kati ya futari na daku. Ila mgonjwa wa moyo au figo aliyepimiwa maji na daktari wake afuate kipimo chake.

Yule mzee tulimpima mkojo, tukakuta maambukizi, akatibiwa, alhamdulillah. Sasa huja msikitini na chupa yake ya maji.

Limebaki moja, nalo nawaelekezea kamati za misikiti. Vyoo vya wanawake katika misikiti yetu mingi vimetiwa kufuli, na funguo anazo muadhini ambaye baada ya swala ameshakwenda kwake. Dada zetu watakunywaje maji? Vifungueni.